Kadi ya Kliniki Usiitupe

Wazazi wenzangu wa Minneapolis na Saint Paul, mtoto anapoandikishwa shule hapa, huulizwa tarehe za chanjo zake.

Nyumbani mambo yamesonga mbele. Tanzania ilianza mkoani Arusha kusajili chanjo kwa kompyuta kibao, ili muuguzi aone rekodi hata kadi ikipotea. Minnesota nayo ina daftari lake la kielektroniki, MIIC. Lakini madaftari haya mawili hayasomani. Kinachovuka bahari bado ni ile kadi ya karatasi.

Mpwa wangu alifika bila kadi, akachomwa upya sindano ambazo mama yake anakumbuka vizuri. Hazikumdhuru, ila alilia sana. Mdogo wake alikuwa na kadi. Alichomwa zilizopungua tu.

Mpelekee muuguzi kadi na umwombe aingize tarehe kwenye MIIC. Mweleze kuwa Penta ni chanjo moja yenye kinga tano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib. Mkumbushe pia kwamba kwetu 3/4 ni tarehe 3 Aprili. Mmarekani ataisoma Machi 4.

Jamaa wanaojiandaa kuja, waambie waipige kadi picha leo.