Mpe Mwanao Kalamu

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi, kalamu ni chombo cha shule tu. Jioni mtoto huitoa mkobani, hunakili maswali aliyopewa na mwalimu, huyajibu, kisha huirudisha mahali pake kama fundi afungaye zana zake mwisho wa zamu. Haandiki neno ambalo hakuagizwa. Mzazi naye, akiona daftari limefungwa, hushukuru kwamba kazi imekwisha.

Hapo ndipo penye upungufu, ndugu msomaji, na yafaa tuutazame. Mtoto aliyezoea kuandika kwa amri peke yake hujifunza kwamba maneno ni mali ya wengine, na kwamba wajibu wake ni kuyarudisha kama alivyoyapokea. Akikua na kudhulumiwa kazini, itambidi amtafute mtu wa kumwandikia barua ya malalamiko. Mkutanoni atakuwa na hoja njema kifuani, lakini haitatoka. Na habari za maisha yake, kama zitaandikwa, zitaandikwa na mtu asiyeyajua maisha hayo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Fikra nazo ni mali.

Utungaji wa nyumbani si jambo geni kwetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona, hali akiugua, alimtungia binti yake utenzi wa wasia ambao ungali ukisomwa hata leo. Hakuutunga kwa ajili ya mtihani wala kwa kuagizwa na mkubwa wa ofisi; alikuwa mama akisema na mwanawe. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, akaendelea kuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi. Pamoja na kazi hiyo ya mshahara alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Hao walikuwa wazazi kama sisi. Waliona kwamba maneno mazuri ni urithi ambao nyumba yaweza kuutoa.

Tena tazama faida yake kwa umma. Wachukuzi wa bandari ya Unguja waligoma mwaka 1948. Leo kijana aliyezaliwa mbali na bahari aweza kuonja jasho na uchungu wa watu wale, kwa sababu Shafi Adam Shafi aliwatungia riwaya, Kuli, iliyotolewa mwaka 1979. Je, ni nani atakayeandika habari za dereva wa lori, mama wa sokoni, mpiga chapa na mvunaji wa mkonge wa siku zetu? Huenda mtu huyo sasa ana miaka minane, naye amelala katika chumba cha pili cha nyumba yako.

Basi mzazi afanye nini? Kwanza, aanze na yaliyomo nyumbani. Bibi atoapo hadithi usiku, mtoto na aombwe kuiandika kesho yake, na ruhusa apewe ya kuubadili mwisho wake: sungura ashindwe, fisi apate akili. Vitendawili vya kutegana baada ya chakula na viandikwe, na kila mtoto atunge kimoja kipya juu ya kitu kilichomo chumbani. Mzazi asiyejua kusoma hana haja ya kujiona mnyonge hapa. Yeye ndiye mwenye hadithi, na mtoto ndiye karani wake.

Pili, mtoto na afundishwe mchezo wa mizani. Utenzi una mistari minne katika ubeti, na aghalabu kila mstari una mizani minane; mistari mitatu hupatana kwa kina kimoja, na wa nne hushika kina kirudicho mpaka mwisho wa utenzi. Mtoto aweza kuihesabu kwa vidole vyake huku akichota maji. Atacheka mstari ukizidi, atatafuta neno fupi zaidi, na kwa kutafuta huko atajua maneno mengi kuliko ambavyo angeyajua kwa kukaririshwa.

Tatu, na hili ndilo zito, mzazi auzuie mkono wake usisahihishe upesi. Mtoto akileta hadithi ya ng'ombe aliyepanda treni, swali la kwanza lisiwe, “Mbona hujaweka nukta?” Liwe, “Ng'ombe huyo alishukia wapi?” Nukta itakuja, na mwalimu yupo. Lakini hamu iliyovunjwa haiungwi kwa fimbo. Hadithi na isomwe kwa sauti mbele ya nyumba nzima, kisha ihifadhiwe katika sanduku pamoja na hati za familia, ili mtoto ajue kwamba alichokitunga kina thamani.

Wako watakaosema kwamba hadithi za kubuni humfundisha mtoto uongo. Sivyo. Mwongo hutaka tuamini jambo lisilokuwapo ili apate faida. Mtunzi hutualika kwa hiari yetu, nasi twajua kwamba ni hadithi. Wengine watasema karatasi ni ghali. Ni kweli kwamba kipato ni kidogo, lakini mgongo wa karatasi iliyotumika waandikika, na daftari la mwaka jana halikosi kurasa tupu. Na wengine watasema kwamba wao hurudi wamechoka. Mchovu huyu twamheshimu. Hatumwombi saa nzima. Robo saa ya kusikiliza, mara moja au mbili kwa juma, yatosha kuanzia. Haba na haba hujaza kibaba.

Taifa nalo limeonyesha kwamba laithamini kazi hii. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa washindi wake wa kwanza mwaka 2023. Ni jambo la kupongezwa. Lakini tuzo humkuta mtunzi akiwa amekwisha kukomaa, haiwezi kumzaa. Shule nazo zina watoto wengi darasani na mitihani ya kuandalia. Mahali ambapo mtoto aweza kukosea bila kupunguziwa alama ni nyumbani kwao.

Samaki mkunje angali mbichi. Usiku wa leo, vyombo vikiisha kuoshwa, mpe mwanao kalamu na kipande cha karatasi, umwambie aandike jambo lolote apendalo. Kisha kaa kitako, umsikilize.