Je, Wajua? Shehena Iliyookolewa kwa Kuzamishwa

Aprili 1915, meli ya Wajerumani, Rubens, ilikimbilia Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Nyuma yake ilikuja manowari ya Waingereza, Hyacinth. Nahodha Carl Christiansen akaamuru meli yake ifunguliwe maji. Ikatua kwenye kina kifupi. Sitaha iliwaka moto mkubwa, lakini bunduki na risasi zilikuwa zimefunikwa na maji. Waingereza wakaondoka wakiamini kila kitu kimeteketea.

Ndipo wapiga mbizi wa Wajerumani wakaingia kazini. Risasi zilizolowa zilifumuliwa, baruti ikasafishwa, fataki mbovu zikabadilishwa, kisha risasi zikaundwa upya. Kazi ya subira ya ajabu!

Rubens yenyewe ilikuwa meli ya Waingereza, iliyokamatwa Hamburg Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza. Ilipenya bahari za kaskazini mwa Ulaya ikijifanya meli ya Denmark, kwa jina la Kronborg, kisha ikaizunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema.

Makaa yake ya mawe yalikusudiwa manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyonaswa katika delta ya Rufiji. Hayakuifikia. Bunduki zilichukuliwa na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, wengi wao Waafrika, waliopigana hadi Novemba 1918.