Majeruhi Anavuja Damu: Pesa Iende Wapi?

Bodaboda ikianguka Mlandizi, Kibaha, au Maneromango, Kisarawe, ndugu huanza kuuliza gharama. Mimi ningeuliza saa kwanza, kwa sababu dawa yenye faida kubwa kuliko bei yake hukubali kungoja saa tatu tu.

Dawa hiyo ni asidi ya traneksamiki, inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010 ulihusisha majeruhi 20,211 katika nchi 40: waliopewa walikufa 14.5%, wasiopewa 16.0%. Mwaka uliofuata wachumi wa afya walipiga hesabu kwa nchi tatu, Tanzania ikiwemo. Gharama ilikuwa kama dola 17 kwa mgonjwa, na dola 48 kwa kila mwaka wa uhai uliookolewa. Uingereza ilikuwa 64, India 66. Dawa ikichelewa kupita saa tatu tangu kuumia, yaweza kudhuru.

Dripu je? Albumini, dripu ya protini ya damu, ni ghali mara nyingi kuliko maji ya chumvi, lakini utafiti wa SAFE wa Australia na New Zealand, mwaka 2004, haukuona tofauti ya vifo kwa wagonjwa mahututi karibu 7,000. Aliyeumia kichwa ndiyo kabisa, albumini ilimzidishia hatari. Usiuze mbuzi kwa ajili yake. Na ile kauli ya wodini, "ongezeni maji", nayo ina kasoro. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulifanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza, kwa watoto wenye maambukizi makali. Waliomiminiwa maji ya chumvi haraka walikufa 10.5% ndani ya saa 48, wasiomiminiwa, 7.3%. Hao hawakuwa majeruhi, ni kweli, lakini imani ya kwamba maji mengi hayadhuru iliishia hapo.

Aliyepoteza damu nyingi anahitaji damu, na damu ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama haiuzwi. Ndugu walipe kwa kuchangia.

Kuhusu hospitali, wa Kibaha ana Tumbi, pembeni mwa Barabara ya Morogoro. Wa Kisarawe asiiruke hospitali ya wilaya akikimbilia jina la Muhimbili. Foleni ya Gongo la Mboto njiani inaweza kula muda wote wa dawa. Kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi njia nzima, damu idhibitiwe hapo karibu, rufaa ifuate.

Wiki hii, kabla ya ajali yoyote, pita kituo chako cha afya uulize kama traneksamiki ipo.