Filamu na Dawa Yake: Shauri kwa Wapiga Picha wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Mtu anunuapo filamu ya picha nyeusi na nyeupe huambiwa na watengenezaji dakika za kuisafishia, na dakika hizo zimepimwa kwa dawa yenye joto la digrii 20 za sentigredi. Huko Uingereza, ambako filamu za Ilford hutengenezwa, kupata maji ya digrii 20 si kazi. Kwetu Likoni, wakati wa kaskazi, maji yaliyolala ndani ya nyumba usiku kucha huamka na digrii 27 au 28. Basi mtu azifuataye dakika hizo bila kipimajoto huipika filamu yake, wala hatalijua kosa mpaka iwe imekwisha kauka.

Mwandishi wa maneno haya alijifunza jambo hilo kwa hasara. Aliombwa apige picha ya watu wa afisi moja huko Changamwe, siku ya kumuaga mzee wao aliyestaafu. Walisimama juani saa sita za mchana, wote wamevaa mashati meupe. Kipimo cha mwanga kilielekezwa kwenye mashati, filamu ilikuwa ya namba 400, na dawa ilikuwa kali, haikuzimuliwa hata kidogo. Picha ilipotoka, mashati yaling'aa kama taa, hayana mkunjo wala kifungo, na nyuso zilikuwa makaa matupu. Mzee alikuwa amekwisha rudi kwao bara, na kupiga ya pili haikuwezekana. Alipelekewa ile ile, na katika barua yake ya shukrani aliuliza kwa adabu yeye ni yupi kati ya wale wa mstari wa mbele.

Makosa yalikuwa mawili, na yapasa kuyatenganisha. La kwanza ni la mwanga. Uso mweusi huhitaji mwanga mwingi zaidi kuliko shati jeupe ili uandikike katika filamu, na kisichoandikwa wakati wa kupiga, hakuna dawa duniani iwezayo kukirudisha. Kwa hiyo mwanga upimwe usoni. La pili ni la dawa. Sehemu nyeupe za picha, kama kanzu, mchanga na povu la bahari, huzidi kujaa kadiri filamu inavyokaa katika dawa, na joto huzijaza upesi. Mpiga picha wa pwani aupe uso mwanga wa kutosha, kisha aizuie dawa isiiharibu kanzu.

Marehemu Bwana N. V. Parekh, ambaye studio yake kisiwani Mombasa ilijulikana sana kwa picha nyeusi na nyeupe tangu miaka ya 1940, aliweza kusogeza taa apendavyo. Wapiga picha wa kivukoni Likoni, waliojenga vibanda vyao vya mapambo katika miaka ya 1990, walitumia filamu za rangi zilizosafishwa kwa mashine. Lakini kijana wa leo wa Kisauni atakaye kusafisha filamu yake mwenyewe jikoni hana taa za studio wala mashine. Ana jua na maji ya moto.

Kwa jua hilo, filamu ya namba 125, kama FP4 Plus ya Ilford, yatosha kabisa, na chembe zake ni ndogo. Zile za namba 400, yaani HP5 Plus ya Ilford na Tri-X ya Kodak, ni za arusi za usiku, ndani ya nyumba na chini ya miembe. Wengi hununua za 400 kwa kila kazi wakidhani namba kubwa ndiyo ubora. Sivyo.

Ama dawa, iliyo maarufu kuliko zote ni D-76 ya Kodak, iliyotolewa mwaka 1927, na ID-11 ya Ilford ni ndugu yake. Lita moja ya D-76 ina gramu 2 za metoli, 5 za haidrokwinoni, 100 za salfaiti ya sodiamu na 2 za boraksi. Yaweza kutumiwa kali kama ilivyo, au kuzimuliwa kwa maji sawa kwa sawa, ikamwagwa baada ya kutumiwa mara moja. Hapo ndipo penye faida yetu. HP5 Plus katika ID-11 kali huchukua dakika 7 na nusu kwenye digrii 20. Kwenye digrii 27 hushuka mpaka karibu 4, na chini ya dakika 5 dawa haipati nafasi ya kuenea sawasawa, ndipo hutokea michirizi. Filamu ile ile katika dawa iliyozimuliwa huchukua dakika 13 kwenye digrii 20, na karibu 7 kwenye digrii 27. Dakika 7 mtu huweza kuzitawala. FP4 Plus katika dawa hiyo iliyozimuliwa huchukua 11, na kwenye digrii 24 karibu 8. Kwa picha za jua kali punguza kidogo tena, kama sehemu moja katika kumi, ili kanzu zibaki na mikunjo yake.

Asafishaye filamu moja kwa miezi miwili afikirie Rodinal, dawa ya maji iliyoanza mwaka 1891. Chembe zitaonekana zaidi, lakini chupa yake hukaa miaka, hali D-76 iliyokorogwa na kuachwa katika chupa nusu haiaminiki baada ya miezi miwili.

Joto hupunguzwa kwa kuzamisha chupa za dawa katika beseni la maji yenye barafu. Barafu isitiwe ndani ya dawa, kwani itaizimua bila kipimo. Mtungi husaidia kidogo tu, maana hewa yetu ina unyevu mwingi. Dawa, haipo ya kutuliza picha, na maji ya kuoshea, vyote viwe na joto lililo karibu sawa, la sivyo ngozi ya filamu hujikunja kama maziwa yaliyogandia sufuriani.

Na maji matamu yakiwa haba, kama yalivyo mara nyingi Likoni na Kisauni, ambako visima vingi vina chumvi? Wakati wa Vita Kuu ya Pili watafiti wa Kodak walipima wakaona kwamba maji ya bahari huondoa haipo katika filamu upesi kuliko maji matamu. Basi chota maji ya bahari yaliyo safi, uyachuje kwa kitambaa, uyaache yapoe, uoshe. Maji matamu uliyoweka akiba yatumie mwisho, kwa dakika 5, uyabadilishe mara kadhaa, kwa maana chumvi ikibaki huvuta unyevu na kuiharibu picha. Kisha itundike filamu mahali pasipo vumbi, madirisha yakiwa yamefungwa.