Makadirio Si Utabiri: Funzo la Hesabu ya Ngorongoro

Lugha yetu hutofautisha mambo mawili ambayo wakuu wa serikali hupenda kuyachanganya. Utabiri ni kazi ya mnajimu, naye hutwambia kitakachokuwa. Makadirio ni kazi ya mwanahesabu: huichukua idadi ya leo, akapima kasi ya uzazi, vifo na uhamaji, kisha akasema idadi hiyo itafika wapi iwapo kasi hiyo haitabadilika. Kisarufi, basi, kila kadirio la idadi ya watu ni sentensi changamano iliyobeba kishazi tegemezi cha masharti. Kishazi hicho kikiangushwa, makadirio hugeuka utabiri pasipo mtu kutanabahi.

Katika sehemu za mashambani zilizohifadhiwa kwa ajili ya wanyamapori, kuanguka kwa kishazi hicho huweza kumgharimu mtu boma lake. Tuitazame Ngorongoro, nchini Tanzania, eneo la kilomita za mraba 8,300 hivi lililotengwa mwaka 1959 ili Wamaasai, mifugo yao na wanyama wa porini waishi pamoja. Hesabu inayonukuliwa daima ni kwamba wakazi walikuwa takriban 8,000 mwaka huo, na miaka sitini baadaye wamepita 100,000. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 4 kwa mwaka, yaani idadi inayojirudufu kila baada ya miaka kumi na saba hivi. Endeleza mstari huo na utafika laki mbili kabla ya mwaka 2040, na laki nne kabla ya 2060. Ni tarakimu za kutisha.

Hata hivyo, Tanzania nzima ilihesabu watu milioni 12.3 mwaka 1967 na milioni 61.7 mwaka 2022, ongezeko la asilimia 3 hivi kwa mwaka. Watu 8,000 wakiongezeka kwa kasi hiyo muda wa miaka sitini hawafiki hata elfu hamsini. Nusu nyingine ya wakazi ilitoka wapi? Yamkini wapo walioingia kutoka nje. Yamkini uzazi wa wafugaji ulipita wa taifa. Yamkini pia hesabu ya kwanza ilikuwa pungufu. Tukumbuke kwamba mwaka 1958 ndipo wazee wa Kimaasai walipokubali kuondoka Serengeti ili iwe mbuga isiyo na watu. Kuwahesabu wafugaji katika msukosuko wa namna hiyo ni sawa na kuhesabu abiria basi likiwa bado linapakia. Kila moja ya sababu hizi ina mustakabali wake, na hakuna mstari mmoja unaoweza kuzibeba zote.

Sisi Wakenya tunalijua jambo hili vyema. Mwishoni mwa miaka ya sabini, mwanamke wa Kenya alitarajiwa kuzaa watoto wanane maishani mwake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwapata watatu na kitu. Aliyechora mstari mnyoofu wakati ule angekuwa amekosea mno, kwa sababu mstari ulipindwa na mambo ya kawaida kabisa: wasichana kukaa shuleni, watoto wachanga kutokufa ovyo, na zahanati kutoa huduma za kupanga uzazi.

Hapa ndipo siasa ya Ngorongoro inapojipinga yenyewe. Tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema kuhama ni kwa hiari. Wakazi wengi pamoja na watetezi wa haki wamelalamika kwamba huduma za afya na elimu zilipunguzwa ili hiari hiyo ipatikane. (Neno 'hiari' limebebeshwa mizigo mingi katika historia yetu, hili nalo limo.) Ikiwa malalamiko hayo ni ya kweli, basi vimeondolewa vitu vile vile vinavyoshusha uzazi, na wanaobaki wataendelea kulaumiwa kwa wingi wa watoto wao.

Isitoshe, katika hifadhi anayekadiria ndiye mwenye kuyashika masharti. Ni mamlaka iliyopiga marufuku kilimo mwaka 1975, ikakiruhusu mwaka 1992, kisha ikakikataza tena. Agosti 2024 tangazo la serikali lilivifuta vijiji vya eneo hilo kisheria, kabla ya mahakama ya Arusha kulisimamisha. Penye nguvu za namna hiyo, uhamaji hauwi tena kitu cha kupimwa tu, maana hupangwa ofisini. Mwenye hesabu akiandika kwamba watu watapungua, anao uwezo wa kuwapunguza.

Narok na Kajiado, ambako malisho, mashamba na hifadhi vinagombania ardhi ile ile, mipango ya namna hii huandaliwa pia. Kadirio lolote litakalowekwa mezani liandikwe pamoja na masharti yake yote, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai: uzazi umekisiwa kuwa kiasi gani, nani amehesabiwa kuwa mkazi, na mchungaji aliyekuwa mbali na ng'ombe wakati wa ukame aliandikwa wapi.