Je, Wajua Benki na Benchi ni Ndugu?

Je, wajua kwamba benki unakoweka akiba yako na benchi unalokalia humo ukisubiri namba yako iitwe ni neno moja? Yote mawili tumeyapokea kwa Waingereza. Nao Waingereza walilipata neno hilo mara tatu, kila mara kwa njia yake.

Asili yake ni lugha ya kale ya makabila ya Kijerumani ya kaskazini mwa Ulaya. Kwao lilitaja kitu kilichoinuka kuliko ardhi inayokizunguka: tuta la udongo, au ubao wa kukalia. Wahenga wa Waingereza walilirithi, na vinywani mwao k ya mwisho ikalainika ikawa ch. Sisi tunalielewa jambo hilo vizuri. Ki- ya kiti na kisu ikikutana na irabu hugeuka, ndiyo maana tunasema chakula, chombo na chumba. Kwa mlainiko wa namna hiyo Waingereza wakapata "bench", nasi tukapata benchi, hadi la wachezaji wa akiba.

Njia ya pili ilikuwa ya bahari. Waskandinavia waliohamia Uingereza walikuja na neno hilohilo, k yake ikiwa bado ngumu, nalo likawa "bank", yaani ukingo wa mto. Mwanafunzi wetu anaposoma kwa mara ya kwanza kwamba mvuvi ameketi kwenye "bank" huduwaa, na ana haki ya kuduwaa. Maana hii ya tuta imezaa nyingine. Ndege inapokata kona na bawa moja kushuka, marubani hutumia neno hilo. Hutumika pia kwa kazi ambayo mama zetu wengi wameifanya usiku: kuyakusanya makaa jikoni, kuyafukia kwa majivu, na alfajiri kuyafukua yakiwa mekundu bado, yakapulizwa moto ukawaka bila kiberiti.

Njia ya tatu ndiyo iliyoleta fedha, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Makabila ya Kijerumani yalipoingia Italia yaliliacha neno lao huko, Waitalia wakasema "banca" au "banco", yaani benchi au meza ndefu. Katika Zama za Kati miji kama Florence, Genoa na Venice ilijaa wafanyabiashara, kila mmoja na sarafu za kwao. Wabadilisha fedha walikaa sokoni nyuma ya meza zao, wakipima dhahabu na fedha kwenye mizani midogo, wakiandika madeni katika madaftari. Aliyetaka kubadilisha sarafu alikwenda "bancani", na taratibu jina la meza likawa jina la kazi, kisha la jengo. Mwaka 1397 Giovanni di Bicci de' Medici alianzisha benki ya ukoo wake Florence. Mwaka 1472 ikaanzishwa ile ya Siena, Monte dei Paschi, ambayo ingali hai. Neno likapitia Ufaransa hadi London, ambako Benki Kuu ya Uingereza iliundwa mwaka 1694.

Aliyeshindwa kulipa Waitalia walimwita mtu wa "banca rotta", meza iliyovunjika, na humo ndimo Kiingereza kilimopata neno lake la kufilisika. Letu la kufilisika lina habari yake pia: limetoka Kiarabu, kwenye ukoo mmoja na fulusi, vile visarafu vya shaba.

Jina la benki halikuishia kwenye fedha. Tarehe 15 Machi 1937, katika Hospitali ya Cook County mjini Chicago, daktari Bernard Fantus alifungua ghala la kuhifadhi damu kwa ajili ya wagonjwa. Alilipa jina la benki, kwa sababu damu ingewekwa na kutolewa kama fedha. Jina hilo likaenea duniani, nasi tunasema benki ya damu bila kufikiri kwamba tumetaja ubao wa kukalia.

Tazama sasa wakala wa fedha za simu pembeni mwa stendi: meza ndogo, mwavuli, daftari, na mteja kwenye benchi. Mbadilisha fedha wa Florence angeitambua kazi hiyo mara moja.

Na si Waitalia peke yao walioipa benki jina kutokana na kazi ya wabadilisha fedha. Waarabu wana neno masraf kwa benki, lenye mzizi mmoja na sarafu yetu. Wagiriki nao waliiita meza trapeza. Ndilo neno lililomo katika Injili ya Kigiriki pale Yesu anapozipindua meza za wabadilisha fedha hekaluni, na ndilo lililoandikwa hadi leo juu ya milango ya benki za Athens.