Unywele Mmoja Hauchori Picha

Watu husimulia kwamba mafundi wa zamani wa Uajemi walichora picha zao kwa brashi yenye unywele mmoja tu. Habari hii ni tamu masikioni, lakini si kweli, na anayeiamini huishia kununua brashi mbaya. Unywele mmoja haushiki rangi. Ukiuchovya, hautatoa wino wa kutosha hata kuchora nyusi.

Picha ninazozisema ni zile ndogo ndogo za vitabuni, kama alizochora Kamal al-Din Behzad mjini Herat mwishoni mwa karne ya 15. Kitabu cha Bustan cha Saadi alichokipamba mwaka 1488 kimehifadhiwa Dar al-Kutub, Cairo. Brashi za namna hiyo ndizo pia zilizotia dhahabu na maua pembezoni mwa misahafu. Kwa hiyo habari hii yamhusu hata yule ambaye hachori kabisa viumbe wenye roho.

Waajemi walipenda nywele za paka, na mafundi wa India nywele za mkia wa kindi. Nywele hupangwa vizuri, hufungwa kwa uzi, kisha hupenyezwa ndani ya bua la unyoya wa njiwa mpaka ncha zitokeze upande wa pili. Huko Lahore, katika chuo cha National College of Arts, wanafunzi wa fani hii wamefundishwa kujitengenezea brashi zao kwa njia hiyo. Siri yake ni hii: fungu zima la nywele lina tumbo la kubebea rangi, na mwisho wake hukusanyika likawa kali kama sindano. Unywele wa mwisho ndio unaogusa karatasi, lakini wenzake walio nyuma ndio wanaoulisha. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi ukienda dukani usivutwe na namba 000 kwa kuwa ni nyembamba. Rangi hukauka kabla hujamaliza mstari. Mimi huchagua namba 1 au 2 yenye ncha nzuri. Brashi mpya huwa imegandishwa kwa gundi ili ipendeze machoni; kwa hiyo mwombe mwenye duka kikombe cha maji, ilainishe, kisha ikung'ute mara moja. Ikirudi kwenye ncha moja, inunue. Ikipasuka pande mbili, mwachie mwenyewe.

Zinazosifiwa sana Ulaya ni zile za mkia wa kicheche wa Siberia, na bei yake si ndogo. Za nguchiro usiziguse, kwani India imemlinda mnyama huyo kwa sheria ya wanyama pori ya mwaka 1972, na nywele zake bado huuzwa kwa magendo.

Kwetu sisi liko swali jingine. Katika madhehebu ya Imam Shafi, nywele za mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ni najisi. Anayekusudia kupamba aya kwa brashi ya nywele ni vyema amwulize shekhe wake kwanza. Brashi za nailoni huondoa shaka hiyo. Hubeba rangi kidogo zaidi, na ncha yake hujikunja mapema, lakini kwa maua na mistari zinafaa.

Kutunza ni kazi ya dakika mbili. Usiichovye brashi hadi kwenye chuma kinachofunga nywele, kwani rangi ikikauka humo nywele hutawanyika. Usiiache imesimama kichwa chini ndani ya maji. Ioshe kwa sabuni ya mche na maji ya baridi, kwani ya moto hulegeza gundi. Halafu ichonge ncha kwa vidole. Wapo wanaoichonga kwa midomo. Desturi hiyo ni ya hatari, maana baadhi ya rangi za kale, kama manjano ya zarniki na nyeupe ya risasi, ni sumu.

Ilaze ikauke kabisa kabla ya kuifungia, maana hewa yetu ya pwani ina unyevu na ukungu haukawii. Kisha itie ndani ya kijaluba pamoja na kipande cha kafuri, nondo wasiifikie. Ukifanya hivyo, brashi moja njema itakufaa kuliko kumi za ovyo.